Kanisa linabaki, majirani wanahamishwa

Msafiri anayefika Kanisa Kuu la Mtakatifu Giyorgis, Addis Ababa, huonyeshwa kuta, michoro na mavazi ya kifalme. Wasioonyeshwa ni watu waliokuwa wakiishi kando ya kuta hizo. Mkazi wa Batsinda, Kigali, anaijua habari yao kwa sababu imempata.

Jumapili alfajiri, kituo cha basi cha Batsinda huanza kujaa kabla jua halijafika juu ya vilima vya Kinyinya. Wapo walinzi wanaotoka zamu, wapo wachuuzi wanaowahi Nyabugogo, na wapo kina mama waliovaa mishanana, mavazi ya heshima ya Kinyarwanda, Biblia kwapani, wanaosubiri gari la kuwapeleka kusali mjini.

Makanisa hayakosekani karibu na nyumbani. Lakini mtu aliyefungia ndoa katika kanisa fulani, akabatizia wanawe hapo na kuwaagia wazazi wake hapohapo, halibadilishi kwa sababu ya nauli.

Kabla ya mwaka 2008, wakazi wa kwanza wa mradi wa Batsinda hawakuhitaji nauli hiyo. Waliishi Kiyovu ya chini, mtaa ambao Kigali nzima iliujua kwa jina la Kiyovu cy'Abakene, yaani Kiyovu ya maskini. Kanisa la Sainte-Famille, lililoanzishwa 1913, lilikuwa mwendo wa miguu kutoka mlangoni kwao. Mwaka huo mtaa ulibomolewa kupisha sura mpya ya jiji, na mamia ya familia wakaondolewa. Waliopewa nyumba walipelekwa Batsinda, kwenye makazi ya gharama nafuu nje ya kitovu cha mji.

Kanisa lilibaki palepale lilipokuwa.

Nilitumwa kuandika kuhusu makanisa makuu ya Kiorthodoksi ya Addis Ababa, ambayo wasafiri wengi wa Afrika Mashariki hupitia wakiwa njiani kwenda mbali zaidi. Nilikusudia kueleza jinsi ya kuyatembelea. Nilipofika Piassa, kitovu cha zamani cha jiji hilo, lilipo Kanisa Kuu la Giyorgis, nikakuta swali ambalo Batsinda inaishi nalo tangu 2008: kanisa la kihistoria linapohifadhiwa na majirani zake wakaondolewa, kimehifadhiwa nini?

Asubuhi ya tarehe 23

Kutoka Kigali hadi Bole, uwanja wa ndege wa Addis Ababa, ni safari isiyofika saa tatu. Addis Ababa iko mbele ya Kigali kwa saa moja. Msemaji wa Kiswahili hatapata shida ya kujua wakati, kwa kuwa Waethiopia nao huanza kuhesabu saa za mchana kunapopambazuka. Wakisema saa moja asubuhi, wana maana ileile kama sisi.

Siku nzuri ya kufika Giyorgis ni tarehe 23 ya mwezi wowote wa kalenda ya Ethiopia. Kila mwezi, siku hiyo hutengwa kwa ajili ya Mtakatifu Giyorgis, na sikukuu yake kubwa huangukia mwanzoni mwa Mei kwa kalenda yetu. Watu huanza kuingia kungali giza, wamejitanda shuka nyeupe za pamba. Langoni wanainama, wanafanya ishara ya msalaba, wanabusu nguzo, kisha wanatafuta mahali pa kusimama.

Wengi hawaingii ndani kabisa. Asiyefunga, au anayejiona hayuko tayari kwa sakramenti, husali uani, paji la uso limegusa ukuta. Mgeni asiyejua hudhani wamekosa nafasi. Kwa desturi ya kanisa hili, ua wote ni mahali pa ibada, na aliyeegemea ukuta nje yumo katika sala sawa na aliyesimama mbele.

Wanaoingia huvua viatu. Wanaume hukaa upande wa kushoto, wanawake wa kulia. Jengo lina pande nane, na ndani limegawanyika sehemu tatu. Ya nje ni ya waimbaji, ya kati ni ya wanaopokea komunyo, na ya ndani kabisa ni ya makasisi peke yao. Humo huwekwa tabot, nakala ya mabamba ya Amri Kumi, ambayo ndiyo inayolifanya jengo kuwa kanisa. Tabot ikiondolewa, zinabaki kuta na paa tu.

Ibada huendeshwa kwa Kigeez, lugha ya kale ambayo leo husikika zaidi kanisani. Nyimbo zake hunasibishwa na Mtakatifu Yared wa karne ya 6. Waimbaji hushika fimbo ndefu za kuegemea na njuga za chuma ziitwazo tsenatsil, huku ngoma ya kebero ikitoa mapigo mazito, ya polepole. Kwa kanuni ya kanisa hilo, ibada ya komunyo huhitaji makasisi wawili na mashemasi watatu, wote watano kwa pamoja. Padri mmoja hawezi kuiadhimisha peke yake.

> Kwa kanuni ya Kanisa la Ethiopia, padri mmoja hawezi kuadhimisha komunyo peke yake. Ibada yenyewe inadai watu.

Kuta zilizotokana na Adwa

Msomaji wa Rwanda huenda hajawahi kuingia kanisa la Kiorthodoksi. Waorthodoksi ni wachache nchini, na dayosisi ya Burundi na Rwanda, iliyo chini ya Patriaki wa Kigiriki wa Aleksandria, iliundwa 2012 tu. Kanisa la Tewahedo la Ethiopia ni tawi jingine. Pamoja na Wakopti wa Misri na Waarmenia, lilitengana na Wagiriki na Warumi baada ya mtaguso wa Kalsedonia wa mwaka 451. Kwa karne nyingi liliongozwa na askofu aliyeletwa kutoka Misri, hadi 1959 lilipopata patriaki wake wa kwanza, Abuna Basilios. Sensa ya 2007 ilionyesha kuwa Waethiopia zaidi ya 4 kati ya 10 ni waumini wake.

Giyorgis ni kanisa la ushindi. Tarehe 1 Machi 1896, jeshi la Mfalme Menelik wa Pili liliwashinda Waitaliano huko Adwa, na tabot ya Mtakatifu Giyorgis ilikuwa imebebwa hadi uwanja wa vita. Kanisa kuu lilijengwa kwa ukumbusho wa siku hiyo. Jengo la mawe linaloonekana leo lilikamilika mwanzoni mwa karne ya 20, likisimamiwa na fundi wa Kiitaliano, Sebastiano Castagna.

Malkia Zewditu alitawazwa hapa 1917. Haile Selassie alitawazwa hapa tarehe 2 Novemba 1930, na kwa sababu hiyo Warastafari, wanaomtukuza, huja kutoka mbali kupaona. Februari 1937, Italia ikiwa imerudi na kuivamia Ethiopia, baada ya jaribio la kumuua Rodolfo Graziani, mtawala wa Kiitaliano, wanajeshi na raia wa Kiitaliano waliwaua maelfu ya wakazi wa Addis Ababa kwa siku tatu, na Giyorgis likachomwa moto. Lilikarabatiwa baada ya ukombozi wa 1941. Michoro mikubwa iliyomo ni ya Afewerk Tekle, msanii aliyetengeneza pia vioo vya rangi vya Africa Hall, ukumbi ambamo Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulizaliwa 1963.

Katika jumba dogo la makumbusho lililo uani mna mavazi ya kutawazia, misalaba ya mkononi na miavuli ya sherehe. Mgeni hulipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Mwongozaji anaijua historia ya wafalme na huisimulia vizuri. Mtaa ulioanzia nje ya geti haumo katika masimulizi yake.

Mtaa ulioondoka

Mwanzoni mwa 2024, tingatinga ziliingia Piassa. Ulikuwa mradi wa korido, ambao serikali ya jiji chini ya Meya Adanech Abiebie ilisema ungepanua barabara, kuweka njia za waenda kwa miguu na baiskeli, taa na bustani, na kuondoa makazi yaliyochakaa. Vichochoro kama Doro Manekia, vilivyokuwa na maduka, migahawa na nyumba za udongo na mabati za miongo mingi, vilibomolewa. Februari mwaka huohuo, jirani kabisa na kanisa, ilizinduliwa Makumbusho ya Ushindi wa Adwa, jengo kubwa lililokusudiwa kuwavuta wageni.

Kwa nini wakazi waliondoka haraka hivyo? Sehemu ya jibu iko katika mwaka 1975, serikali ya kijeshi ya Derg ilipotaifisha ardhi yote ya mijini na kila nyumba ya ziada. Nyumba hizo zilikabidhiwa kwa kebele, yaani serikali za mitaa, ambazo zilizipangisha kwa kodi ndogo sana. Watu wakaishi humo, wakazaa, wakazeeka, wakarithishana vyumba. Kwa mujibu wa karatasi, walibaki wapangaji wa serikali, na mpangaji hana cha kudai anapoambiwa aondoke. Wengi wao walipewa nafasi ya kuhamia maghorofa au nyumba nyingine za kebele. Wenye nyumba zao waliahidiwa fidia na viwanja. Sehemu kubwa ya makazi hayo mapya iko pembezoni mwa jiji, pengine mwendo mrefu wa basi kutoka Giyorgis.

Anayeijua Kiyovu ataona kinachofanana na kinachotofautiana. Wa Kiyovu wengi walikuwa na nyumba walizozijenga wenyewe kwenye ardhi waliyoinunua bila hati kamili. Wa Piassa wengi walikuwa na vyumba vya serikali. Makundi yote mawili yalikosa karatasi yenye nguvu kuliko ramani ya jiji.

Hoja ya jiji

Haitakuwa haki kuisema habari hii kana kwamba kilichobomolewa kilikuwa pepo. Nyumba nyingi za Piassa ya zamani zilikuwa na choo kimoja kwa familia kadhaa, paa linalovuja na njia ambayo gari la wagonjwa halipiti. Kiyovu ya chini nayo ilining'inia kwenye mteremko bila mfumo wa majitaka. Mzazi aliyelea watoto katika chumba kimoja kwa miaka ishirini ana kila sababu ya kushukuru kwa nyumba yenye bomba na choo chake mwenyewe.

Jiji lina hoja ya uchumi pia. Addis Ababa ni makao makuu ya Umoja wa Afrika na kituo kikuu cha shirika kubwa la ndege. Maelfu ya wasafiri hubadilisha ndege Bole kila siku, na jiji linataka walale angalau usiku mmoja. Kanisa la kihistoria, makumbusho mapya, barabara pana na taa ni sababu za kumshawishi msafiri atoke uwanjani. Kigali imefanya hesabu ya namna hiyohiyo kwa kumbi zake za mikutano.

Watetezi wa mradi husema zaidi kwamba kanisa lenyewe limenufaika. Sasa linaonekana kutoka mbali, halijazibwa na vibanda, na hatari ya moto kutoka nyumba za jirani imepungua.

Hoja ya parokia

Upande wa pili una watu wa aina nyingi. Wapo wataalamu wa urithi wa majengo, ambao walilalamika kuwa nyumba za mwanzo wa karne ya 20 zimebomolewa pamoja na vibanda. Wapo watetezi wa haki. Mwezi Aprili 2025, Amnesty International ilitaka mradi wa korido usitishwe kwa sababu ya watu kuondolewa kwa nguvu. Lakini hoja iliyo karibu zaidi na kanisa ni ya waumini wa kawaida. Ili kuielewa, lazima mtu ajue parokia ya Kiorthodoksi ya Ethiopia inavyoishi siku zisizo za Jumapili.

Kila familia ya Kiorthodoksi ina baba wa nafsi, padri anayewaungamisha na kuwatembelea nyumbani. Hubariki nyumba kwa maji ya baraka, huketi na wagonjwa, hupatanisha mume na mke. Anawajua kwa majina hadi wajukuu, na mara nyingi huwafikia kwa miguu.

Kisha kuna mahber. Ni kikundi cha waumini wanaokutana kila mwezi siku ya mtakatifu wao, kwa zamu, nyumba hadi nyumba, kwa mkate, kinywaji na sala. Wa Giyorgis hukutana tarehe 23. Kuna senbete, chakula cha pamoja baada ya ibada ya Jumapili, ambacho maskini wa mtaa nao hula. Na kuna iddir, chama cha kuzikana. Mtu akifa, iddir huleta hema, viti, masufuria na watu wa kukesha. Mwanachama hulipa kidogo kila mwezi kwa miaka mingi ili siku yake ikifika asizikwe kama mgeni.

Mambo haya yote hutegemea watu kuishi karibu. Ghorofa jipya lina bomba, lakini linawakusanya watu waliotoka mitaa mbalimbali, wenye iddir tofauti na mababa wa nafsi tofauti. Mzee aliyelipa ada ya kuzikana miaka thelathini hujikuta akiwa mbali na wote waliopokea ada hiyo.

> Iddir, mahber na baba wa nafsi hutegemea watu kuishi karibu. Haviwezi kupakiwa kwenye lori pamoja na vitanda.

Msomaji wa Kigali, Bukoba au Goma ana jumuiya ndogo ndogo, vikundi vya kuweka akiba na vya kufarijiana. Anajua kwamba kikundi cha namna hiyo hujengwa kwa miaka na huweza kuvunjika ndani ya wiki moja ya kuhama.

Tiketi haitoshi

Kanisa lenyewe liko katikati ya pande hizi mbili. Mageuzi ya 1975 yaliliondolea ardhi iliyokuwa ikiwalisha makasisi wake. Tangu hapo linaishi kwa zaka, sadaka, kodi za majengo machache na, pale penye majengo ya kihistoria, viingilio vya wageni. Paa la shaba likivuja, fedha za watalii husaidia kweli. Anayesema mgeni asilipishwe hajawahi kukabidhiwa bajeti ya ukarabati.

Lakini miaka ya karibuni imetoa funzo. Mwaka 2020 korona ilifunga safari. Novemba mwaka huo vita vikaanza Tigray na kudumu miaka miwili. Lalibela, mji wa makanisa kumi na moja yaliyochongwa mwambani, ulikuwa umepandisha kiingilio cha mgeni hadi dola 50 za Marekani. Mwaka 2021 mji huo ulitekwa na kukombolewa zaidi ya mara moja, na wageni wakakoma kuja. Hoteli zilifungwa na waongozaji wakakosa kazi. Makasisi waliendelea kusalisha, kwa sababu watu wa Lalibela na vijiji vyake waliendelea kuja, na sadaka zao chache ndizo zilizoshikilia maisha ya makanisa.

Watalii huja kwa msimu, na vita au ugonjwa huwafukuza. Muumini anayeishi jirani huja hata siku ya njaa. Kanisa linalowapoteza majirani na kujifunga kwa tiketi limejiweka mikononi mwa watu ambao hawatakuwapo siku mbaya ikifika.

Makaburi ya Utatu Mtakatifu

Upande wa mashariki wa Piassa, karibu na bunge, lipo Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu. Ujenzi wake ulianza enzi ya Haile Selassie kabla ya uvamizi wa Waitaliano, ukakwama, ukamalizika baada ya 1941. Sanamu za wainjili wanne zimesimama juu ya uso wake, na mapatriaki huwekwa wakfu humo.

Ndani, katika makaburi ya granite, wamelala Haile Selassie na mkewe Menen. Mfalme alifariki Agosti 1975 mikononi mwa Derg, akazikwa kwa siri. Mabaki yake yalipatikana 1992 katika viwanja vya ikulu, na tarehe 5 Novemba 2000 yakaletwa hapa kwa heshima. Uani yupo Sylvia Pankhurst, Mwingereza aliyeitetea Ethiopia wakati wa uvamizi, akahamia Addis Ababa na kufia huko 1960. Wapo maofisa 60 waliouawa na Derg usiku mmoja wa Novemba 1974. Yupo Waziri Mkuu Meles Zenawi, aliyezikwa Septemba 2012.

Katika kanisa hilo na ua wake wamelala watu wa pande zilizopingana. Mnyarwanda anayetembea katikati ya makaburi hayo haoni jambo geni. Ametoka nchi ambayo makanisa ya Nyamata na Ntarama ni kumbukumbu za mauaji ya kimbari, na ambako ukumbusho wa Gisozi, usio mbali na Batsinda, unahifadhi zaidi ya watu 250,000. Anajua kuwa jengo huweza kubeba kumbukumbu ya taifa. Anajua pia kwamba kumbukumbu hiyo hudumu kwa sababu ya watu wanaoitunza: wanaofagia, wanaotaja majina, wanaokuja mwezi Aprili hata kama mvua inanyesha.

Onyo kutoka Istanbul

Lipo kanisa kuu jingine la Mtakatifu Giyorgis ambalo msafiri anaweza kulitembelea. Liko katika mtaa wa Fener, Istanbul, na ndilo kanisa la Patriaki wa Kiekumeni, kiongozi wa heshima wa Waorthodoksi wa mapokeo ya Kigiriki. Patriaki amekuwa hapo tangu mwaka 1600 hivi.

Miaka ya 1920 Wagiriki wa Istanbul walizidi 100,000. Usiku wa tarehe 6 Septemba 1955 makundi ya watu yalishambulia nyumba, maduka na makanisa yao. Mwaka 1964 Uturuki iliwafukuza maelfu waliokuwa na uraia wa Ugiriki, na familia zao zikawafuata. Leo wamebaki maelfu machache. Fener ni mtaa mzuri, wenye nyumba za rangi na mikahawa, na wageni ni wengi. Kanisa limetunzwa, taa zinawaka. Lakini makanisa mengi ya Kigiriki ya jiji hilo hufunguliwa kwa padri na waumini wanaohesabika kwa vidole.

Ethiopia haijafika huko, na sababu si sawa. Istanbul ilikuwa chuki ya kitaifa, Piassa ni mpango wa jiji. Hata hivyo matokeo kwa jengo yanaweza kufanana: linabaki zima na wageni wake, na sauti ya kuitikia sala inapungua mwaka hadi mwaka.

Batsinda na Mpazi

Tangu 2008, Batsinda imekuwa mtaa kamili. Jiji limeifuata, na viwanja vilivyokuwa mashamba sasa vina maghorofa na maduka. Watoto waliofika wakiwa wachanga wamekuwa vijana wasioikumbuka Kiyovu. Ni kweli pia kwamba miaka ya mwanzo iliwagharimu wengi. Vibarua na wachuuzi walioishi karibu na kazi walianza kulipa nauli kwa kipato kilekile, na baadhi waliuza nyumba na kurudi kupanga karibu na mji.

Kigali iliendelea kuhamisha watu. Mwaka 2022 wakazi wa Kangondo na Kibiraro, mtaa uliojulikana kama Bannyahe, walipelekwa Busanza baada ya mvutano mrefu wa kisheria kuhusu fidia. Lakini jiji hilohilo limejaribu njia nyingine. Huko Mpazi, bondeni kati ya Gitega na Kimisagara, wakazi wanajengewa maghorofa palepale walipoishi. Mwenye nyumba ya udongo anaingia ghorofani, na kesho yake anasali kanisa lilelile, ananunua kwa muuzaji yuleyule, anazika na jirani yuleyule.

Tofauti ya Batsinda na Mpazi ndiyo jibu la mjadala wa Piassa. Mtu anaweza kupata bomba na choo bila kupoteza parokia yake. Ardhi ya katikati ya jiji ni ghali, na mwekezaji anaitaka. Ni kweli, na kwa sababu hiyo uamuzi huu ni wa kisiasa, hauwezi kuachiwa mhandisi.

> Batsinda iliwapa watu nyumba na kuwatenga na mji. Mpazi inawapa nyumba na kuwaacha na majirani zao.

Mgeni afanyeje

Msafiri hana mamlaka juu ya tingatinga, lakini ana wajibu wake. Afike wakati wa ibada, asimame nyuma, avae nguo za kusitiri, avue viatu, aweke simu mfukoni. Kamera isielekezwe kwa anayesali ukutani. Alipe kiingilio bila kunung'unika, na aache kitu katika sanduku la sadaka, linalosaidia pia senbete ya maskini.

Amuulize mwongozaji nani waliishi nje ya geti hili na sasa wako wapi. Swali hilo likiulizwa na wageni wengi, waongozaji wataanza kulijibu, na historia ya mtaa itaingia katika historia ya kanisa.

Kanisa nalo lina kazi. Liwe na daftari la waumini waliohamishwa, mababa wa nafsi wapewe nauli ya kuwafuata huko waliko, na tarehe 23 kuwe na mabasi ya kuwaleta na kuwarudisha. Sehemu ya mapato ya makumbusho ikitengwa kwa kazi hiyo, tiketi ya mgeni itakuwa inamrudisha muumini kanisani.

Jiji ndilo lenye kazi kubwa zaidi. Sheria za urithi huorodhesha kuta, sanamu na michoro. Ziorodheshe pia kaya zinazolifanya kanisa kuwa kanisa, ili mpango wowote unaogusa eneo la Giyorgis ulazimike kuonyesha kaya hizo zitaishi wapi ndani ya mwendo wa miguu. Kigali ifanye vivyo hivyo kwa mitaa iliyobaki kuzunguka makanisa na misikiti yake ya zamani.

Tabot ikitoka nje siku ya Timkat, sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, Januari 19, hubebwa kichwani na kasisi hadi uwanja wa Jan Meda, na mtaa mzima huisindikiza kwa nyimbo. UNESCO iliitambua sherehe hiyo 2019 kuwa urithi wa dunia usioshikika, na urithi wa aina hiyo huishi kwa watu. Addis Ababa imetumia fedha nyingi kulifanya Giyorgis lionekane vizuri zaidi. Ikitumia sehemu ya fedha hizo kujenga nyumba za bei ya watu wa kawaida nyuma ya ukuta huo, kanisa litabaki na wageni wake na waumini wake pia.